Lenzi ya zamani kwenye kamera ya kidijitali: maneno ya mtaani na ukweli wake

Lenzi ya Helios, Pentacon au Takumar ikiibuka kutoka kwenye sanduku la mzee, au mtu akiinunua kwa bei ya chee kwa jirani anayehama, maneno huwa ni yale yale. "Kaka, hii haipigi." "Hiyo ni ya filamu bwana, kwenye digitali haikubali." Hapa Dodoma utayasikia kwa vijana wanaopiga wageni picha mjini, kwa wanaofukuzia mahafali ya UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), na hata kwa watu wazima wenye studio. Mara nyingi ukiichukua kamera mkononi unakuta ni nzima, na lenzi nayo ni nzima. Mwenyewe tu hajajua kazi ipi imehama na ipi imebaki palepale.

Zinazohama ni mbili: kufokasi, na kufungua au kufunga tundu la lenzi, yaani mlango unaopitisha mwanga. Hizo unazifanya kwa vidole, kwenye pete za lenzi yenyewe. Kasi ya shata (muda ambao pazia la ndani linaachia mwanga), ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga), kipimo cha mwanga na rangi vinabaki ndani ya kamera kama kawaida. Dhana potofu karibu zote zinatokana na kuchanganya mafungu hayo mawili.

"Kamera imegoma, basi haziendani"

Lenzi ya mkono, yaani hii ya kufokasi kwa vidole, haina vile vijiti vya shaba vya kuzungumza na kamera. Kamera ikiuliza na isijibiwe, inaamini hakuna lenzi iliyofungwa, hivyo inafunga shata. Kwenye Sony, Fujifilm, Panasonic na Canon za kizazi cha RF, ingia kwenye menyu utafute kipengele kinachoruhusu kupiga bila lenzi, ukiwashe. Umemaliza. Canon EOS za zamani zenye kioo ndani (DSLR) hazihitaji hata hilo. Zenyewe zinaandika 00 mahali pa namba ya tundu na kuendelea na kazi, na ile 00 si dalili ya ubovu.

Nikon zenye kioo ndizo zenye mambo. D3100, D3500, D5300 na ndugu zao zinakubali lenzi isiyo na chipu kwenye M peke yake (hali ya kupanga kila kitu mwenyewe), na kipima mwanga kinazimika kabisa. D7100, D610 au D750 zinapima vizuri, ila uingie kwenye menyu uandike urefu wa fokasi (zile milimita za lenzi) na tundu kubwa la lenzi. Tahadhari moja: hizi za daraja la juu zina kijino pembeni ya maunti (pale lenzi inapofungwa), na lenzi za Nikon za kabla ya mfumo wa AI wa mwaka 1977 (njia ya lenzi kuiambia kamera tundu lake) zinaweza kukivunja. Usilazimishe.

Halafu kuna suala la adapta, ile pete ya kuunganisha lenzi na kamera ya aina nyingine, ambalo ni hesabu tu. Lenzi za skrubu za M42, zile za Zenit na Praktica, zimetengenezwa kukaa milimita 45.46 kutoka kwenye filamu. Canon EF (zile zenye kioo) inahitaji 44, kwa hiyo adapta nyembamba inaingia katikati na kila kitu kinakaa sawa. Nikon F (nazo zenye kioo) inahitaji 46.5. Hapo lenzi imeshakuwa mbali kupita kiasi hata kabla hujaweka adapta, na vitu vya mbali havitafokasi mpaka adapta iwe na lenzi ndogo ya kurekebisha, ambayo kwa kawaida inapunguza ubora wa picha. Kamera zisizo na kioo zina nafasi tele: Sony E ni milimita 18, Canon RF 20, Nikon Z 16. Ndiyo maana karibu lenzi yoyote ya zamani inaingia huko bila ugomvi. Mwenye Nikon ya kioo anayetaka Helios, ushauri wangu ni atafute lenzi nyingine, au kamera nyingine.

"Lenzi ya mkono lazima upige kwa M"

Hii ndiyo imewakatisha tamaa wengi kuliko zote, na si kweli. Weka A, au Av kwa watu wa Canon. Wewe unachagua tundu kwa pete, kamera inaangalia mwanga uliopita na kuchagua kasi ya shata. Kurekebisha mwanga kwa kuongeza au kupunguza kunafanya kazi kama siku zote. Isiyofaa ni S (Tv kwa Canon), ambako wewe unachagua kasi ya shata: kamera inangoja kuongoza tundu ambalo haliwezi kuligusa, na picha inaharibika isipokuwa ISO ya kujiendesha iiokoe.

Ila A ina mtego wake hapa kwetu, nao ni jua. Kanuni ya zamani ya wapiga picha wa filamu inasema kwenye jua kali ukiweka tundu f/16 (namba ikipungua, tundu linapanuka), kasi ya shata inalingana na ISO: ISO 100, basi 1/100. Sasa fungua tundu hatua kwa hatua. f/11 ni 1/200, f/8 ni 1/400, f/5.6 ni 1/800, f/4 ni 1/1600, f/2.8 ni 1/3200, na f/2 inadai 1/6400. Kamera nyingi za bei ya kati zinaishia 1/4000. Kwa hiyo mtu anapiga maharusi saa saba mchana kwa Helios iliyofunguliwa f/2, gauni linatoka jeupe lisilo na mkunjo hata mmoja, halafu anasema lenzi za zamani "zinaunguza". Namba ya shata ilikuwa inampepesea muda wote kwenye skrini kumwambia imefika mwisho! Funga mpaka f/2.8 au f/4, au funga filta ya kijivu mbele. Shata ya kielektroniki ni njia nyingine kwa kamera zilizo nayo, ingawa kitu kinachokwenda kasi kinaweza kutoka kimepinda.

Mtego wa pili ni kivulini, na jioni. Kamera haijui umefunga lenzi ya milimita ngapi, kwa hiyo ukiachia ISO ijiendeshe, nyingi zinaridhika na kasi ya 1/60 hivi. Kwa lenzi ya 135 hiyo ni picha ya kutikisika. Kwa akina mama wa Kigogo wanaopiga ngoma ya muheme na kuruka pale Chamwino, ni ukungu mtupu hata kwa lenzi ya 50. Tafuta kwenye menyu kiwango cha chini cha shata kwa ISO ya kujiendesha, uweke 1/250, na kwa ngoma upande mpaka 1/500.

"Pete ya tundu imekufa, nazungusha hakuna kinachobadilika"

Angalia ubavuni mwa lenzi kabla hujaipeleka kwa fundi. Nyingi za M42 zina kiswichi cha A na M (si zile A na M za kamera). Kikiwa A, lenzi inabaki wazi ikisubiri kamera ya filamu ibonyeze pini iliyoko nyuma, na kamera yako haina cha kuibonyezea. Peleka M, tundu litaanza kutii. Kama hakuna kiswichi, nunua adapta yenye ukingo wa ndani unaoishikilia ile pini. Kwa Canon FD swichi iko kwenye adapta yenyewe, pete ndogo ya kufunga na kufungua. Wengi wanaisahau ikiwa upande usiofaa.

Helios 44-2 ina utaratibu wa aina yake. Ina pete mbili za tundu. Moja inakaa kwenye namba uliyoichagua, nyingine inateleza bila mlio kati ya f/2 na namba hiyo. Raha yake ni hii: weka ya kwanza f/4, fungua ya pili mpaka mwisho, fokasi kwenye jicho picha ikiwa imekuzwa kwenye skrini, kisha zungusha ya pili mpaka igote, piga. Huhitaji hata kutoa jicho kwenye kamera.

"Rangi ikiwaka kwenye kingo, fokasi imekaa"

Kamera za sasa zinaweza kuchora rangi kwenye kingo za kitu kilicho kwenye fokasi. Ni msaada mkubwa, lakini watu wanauamini kuliko unavyostahili. Kinachotafutwa pale ni mahali ambapo rangi nyeusi na nyeupe zinakutana kwa nguvu. Umbali wenyewe haupimwi. Kitenge chenye maua makubwa kitawaka hata kikiwa kimetoka nje ya fokasi kidogo. Shanga ndiyo usiseme. Uso laini wa binti aliyevaa hicho kitenge hauwaki kabisa, na ndio uliotakiwa uwe mkali. Kwa f/8 hasara ni ndogo. Kwa f/2, ukiwa mita moja na nusu kutoka kwa mtu, unapata kifua kikali na macho yenye usingizi.

Punguza nguvu ya alama hizo mpaka chini, kisha weka kukuza picha kwenye kitufe kinachofikika kwa kidole gumba. Kuza, fokasi kwenye kope, piga. Kuhusu rangi yenyewe, baadhi ya kamera zinakuja na nyekundu, na kwa udongo wetu huu wa Dodoma nyekundu inapotea. Njano inafaa mpaka majani yakauke. Mimi naweka nyeupe mwaka mzima.

Wenye DSLR wana kosa la jirani: kuamini kitundu cha kuchungulia. Kioo cha kufokasia cha DSLR za leo kimetengenezwa kwa ajili ya lenzi za f/2.8 na kwenda juu, na hakionyeshi jinsi fokasi ilivyo nyembamba kwenye f/1.4 au f/2. Unaona kila kitu kikali, picha inasema vingine. Kioo hichohicho kinazivuruga baadhi ya Canon za zamani zinapopima mwanga kwa lenzi ya mkono, picha zikatoka nyeupe au nyeusi kuliko zilivyotakiwa. Washa skrini ya nyuma ufokasie humo.

"50 inakuwa 75, kwa hiyo kwenye menyu naandika 75"

Kamera yenye kihisi (kipande kinachonasa picha badala ya filamu) cha APS-C, ambacho ni kidogo kuliko filamu, inakata pembeni, na lenzi ya 50 inaona eneo ambalo lenzi ya 75 ingeliona kwenye filamu (kwa Canon ni 80). Ni vivyo hivyo kwa lenzi ya mwaka 1970 na kwa lenzi ya jana. Lakini kamera yenye kutuliza mtikisiko ndani ya mwili inapokuuliza urefu wa fokasi, iandikie ule uliochongwa kwenye lenzi. Helios ni 58, andika 58. Ukizidisha, kihisi kitasogea kupita kiasi na kuongeza mtikisiko badala ya kuuondoa. Na ukibadilisha lenzi, badilisha na namba. Hili linasahaulika kila siku.

"Kwa vitu vya mbali, zungusha pete mpaka mwisho"

Kwenye kamera ya filamu ya lenzi hiyo, sawa. Kwenye adapta, hapana. Adapta nyingi hukatwa nyembamba kidogo makusudi ili lenzi isishindwe kufika mbali, na matokeo yake pete inapita alama ya mbali kabisa na kuendelea. Ukisimama kilimani ukizungusha mpaka igote, Jengo la Bunge litatoka laini kama limepakwa mafuta. Rudisha pete kidogo huku umekuza picha.

Lakini kabla ya kulaumu lenzi au adapta, tazama saa. Kiangazi, jua likishapanda, ardhi inapumua joto na hewa inacheza juu yake. Lenzi ya 135 au 200 inakuza huo mchezo pamoja na mandhari, na hakuna lenzi ya bei yoyote itakayoushinda. Picha hiyohiyo irudie saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Kuhusu kupima mwanga kwa jumla: kamera isiyo na kioo inapima kwenye kihisi chenyewe, mwanga uleule uliopita kwenye lenzi, kwa hiyo uzee wa lenzi haumdanganyi mtu. Kinachodanganya ni mandhari. Ukiwa Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, ukuta uko kivulini na anga nyuma yake linawaka. Ukiacha kamera iamue, itaokoa anga na kuufanya ukuta kuwa giza. Ongeza hatua moja au moja na nusu, au pima kwa nukta ukutani. Lenzi mpya ya mamilioni ingekuhitaji ufanye hivyohivyo.

"Madoa, ukungu na unjano: lenzi imeoza"

Madoa meusi yanayoonekana angani ukifunga f/16 na kupotea ukifungua f/2 kwa kawaida yako kwenye kihisi. Badilisha lenzi, yakibaki palepale, umepata jibu. Watu wa lenzi za mkono wanabadilisha lenzi mara nyingi, na upepo wa Dodoma wa mwezi wa nane hauna huruma: zima kamera, ielekeze mdomo chini, upe upepo mgongo.

Ukungu wa ndani, ule wa nyuzinyuzi kama utando wa buibui, unataka unyevu. Hali yetu kavu haiupendi, ila lenzi iliyokaa miaka Tanga au Unguja inaweza kuja nao. Imulike kwa tochi kabla ya kulipa.

Unjano ni habari nyingine. Super-Takumar 50 nyingi za f/1.4 zina kioo chenye thoriamu, madini yenye mionzi hafifu, na kioo hicho hugeuka rangi ya chai kadiri miaka inavyokwenda. Hakijaoza. Mwanga wa jua unakirudisha taratibu, na jua tunalo. Iweke dirishani siku kadhaa au wiki chache, mbali na pazia na karatasi, upande wa nyuma ukiwa umefunikwa kwa foili, maana lenzi ikikusanya jua inawasha moto kweli. Wakati unasubiri unaweza kuendelea kupigia: kamera ikipanga rangi yenyewe unjano hauonekani sana, unapoteza tu mwanga kidogo, nao kamera inaufidia kwa kupunguza kasi ya shata.