Sarafu ya zamani si lazima iwe ya thamani

Wakusanyaji wengi wa Bagamoyo wenye bajeti ndogo huamini kuwa sarafu kumi za heller zilizochakaa ni bora kuliko moja nzuri. Si kweli. Heller za enzi ya utawala wa Wajerumani, zilizoanza 1904, zilitengenezwa kwa mamilioni. Ile iliyolika mpaka taji limefutika hupati mnunuzi wa maana. Umri pekee hauleti bei, kinachotazamwa ni hali na uadimu. Inamisha sarafu chini ya taa: taji likionekana wazi, chukua. Na tafadhali, usiisugue kwa limau! Unaondoa ile rangi ya kahawia wanayoilipia wanunuzi. Anayetaka sarafu ya shaba iitwayo pesa, ya 1890, adundulize kwanza, kisha anunue moja ambayo maandishi yake ya Kiarabu yanasomeka.