Kipimo kutoka negativu sio kupona

Jamani hili naomba tuliweke sawa, maana nimelisikia mara nyingi mno na kila likisemwa linaelekezwa kwa watu walewale, mwenye figo mbovu, mwenye pumu, bibi wa miaka sabini na kitu, mtu aliye kwenye dripu za saratani: "si umepima Covid imetoka negativu, basi umeshapona." Na kuanzia hapo anategemewa arudi kila mahali kama zamani, na akisema bado anachoka anaonekana anadeka.

Maana yenyewe naisema haraka. Kupona Covid kwa mtu aliye kwenye hatari zaidi ya kuugua vibaya ni kurudi kwenye hali aliyokuwa nayo yeye mwenyewe kabla hajaugua, pumzi, nguvu, usingizi, kumbukumbu, na ule ugonjwa wake wa zamani kutulia tena kama ulivyokuwa umetulia. Aliye kwenye hatari zaidi ni nani wengi tunajua: wazee kuanzia miaka 60 kwenda juu, wenye kisukari, presha, moyo, figo, mapafu, selimundu, wajawazito, wanaotumia dawa za kushusha kinga kwa sababu walipandikizwa figo au wana baridi yabisi, walio kwenye matibabu ya saratani, na wenye VVU ambao virusi havijafubazwa (anayekunywa dawa zake vizuri na virusi vimefubaa hesabu yake nyingine, tusimuweke kapu moja na ambaye hajaanza dawa). Basi, maana ndo hiyo.

Sasa kinachonikera. Kuna vitu vitatu vinakorogwa pamoja kila siku: kipimo kinasema nini, mtu bado anaambukiza au la, na mtu amepona au la. Ni maswali matatu tofauti na kila moja lina jibu lake. Kipimo cha haraka kinatafuta protini za kirusi puani, kikitoka negativu maana yake hakijaziona za kutosha, na wala hakijaangalia mapafu, damu, moyo wala misuli. Mvua ikikatika nyumba iliyoingia maji bado ina maji ndani. Na kosa la upande wa pili lipo pia, PCR, kile kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya kirusi, inaweza kuendelea kutoka pozitivu kwa wiki kadhaa, hata karibu miezi mitatu, kwa sababu inaokota mabaki ya kirusi kilichokwishakufa, kwa hiyo mtu ananyanyapaliwa kwamba bado anaambukiza wakati ameshaacha kuambukiza zamani. Kwa hiyo kipimo kinatumika kumwambia mmoja amepona wakati bado, na kumwambia mwingine ni hatari wakati sio.

Mchanganyo huu haukutoka hewani, una historia. Mnakumbuka 2020 kila jioni zilikuwa zinasomwa namba, wagonjwa wapya, waliofariki, waliopona. Ile ramani ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins iliyoanza tarehe 22 Januari 2020 dunia nzima ilikuwa inaiangalia na ilikuwa na safu ya waliopona. Watu tukaona neno pale tukadhani kuna daktari amemkagua kila mmoja wa wale na kusema huyu yuko sawa, kumbe hakuna kitu kama hicho. Sehemu nyingine walikuwa wanahesabu waliotoka wodini, sehemu nyingine waliopima negativu mara mbili, sehemu nyingine walikuwa wanakadiria tu kwamba aliyefikisha siku kadhaa tangu apimwe na hajafa basi anaingia safu ya waliopona. Kwa hiyo namba ile kwa sehemu kubwa ilikuwa inahesabu walionusurika. Kunusurika ni jambo la kushukuru kabisa, ila mtu aliyenusurika anaweza kuwa bado hawezi kutembea kutoka kitandani hadi chooni bila kushika ukuta.

Halafu kanuni zenyewe. Mwanzoni kabisa Shirika la Afya Duniani, WHO, walikuwa wanataka mgonjwa awe amepata nafuu na apime negativu mara mbili, vipimo vikipishana angalau saa 24, ndo aruhusiwe. Tarehe 27 Mei 2020 wakabadilisha, mwenye dalili akawa anaruhusiwa baada ya siku 10 tangu dalili zianze ukiongeza angalau siku 3 bila homa wala dalili za kifua, hata bila kupima tena. Hebu angalia hiyo kanuni inazungumzia nini: inazungumzia kumtoa mtu kwenye kutengwa, yaani lini anaweza kukaa na wenzake bila kuwaambukiza. Hilo ni swali la pili kati ya yale matatu. Ikashuka mitaani na maofisini ikiwa imegeuka kuwa "siku kumi umepona", na waajiri wengi wakaisoma hivyohivyo.

Na hata kwa swali la kuambukiza tu, siku 10 hazikuwahi kuwa za kila mtu. Mwenye kinga iliyoshushwa sana anaweza kubaki na kirusi kilicho hai kwa wiki nyingi, kuna wagonjwa walioripotiwa kwenye majarida ya kitabibu waliokaa nacho miezi, ndo maana kwa kundi hilo madaktari walikuwa wanashauri siku 20 au zaidi na vipimo vya kurudia kabla ya kumtoa.

Ile kauli kwamba Covid inaisha kwa "wiki mbili" nayo inatoka mahali. Timu ya pamoja ya WHO na China iliyofanya kazi China Februari 2020 iliandika kwamba kwa ugonjwa mwepesi ilichukua kama wiki 2 tangu dalili zianze hadi kupata nafuu, na kwa uliokuwa mkali wiki 3 hadi 6. Zilikuwa takwimu za awali kabisa, na ilikuwa namba ya katikati, maana yake nusu ya watu walichukua muda mrefu zaidi ya hapo. Hakuna aliyesema kwamba mwenye moyo uliochoka au mgonjwa wa figo anayesafishwa damu wiki hadi wiki atafuata hesabu hiyo. Ila namba fupi ndo inayosafiri, yale maelezo yake yanabaki nyuma.

Kwa mtu aliye kwenye hatari zaidi kuna mambo yanaendelea ambayo kipimo hakiyagusi kabisa. Chukua dawa. Paxlovid, vidonge vya kutibu Covid, inaanzwa ndani ya siku 5 za mwanzo wa dalili na inanywewa siku 5, ndani yake kuna ritonavir, ileile inayojulikana kwenye dawa za VVU, kazi yake ni kulizuia ini lisiivunje haraka ile dawa ya pili iliyomo ndani yake, inayopambana na kirusi chenyewe. Shida ni kwamba inalizuia ini kuvunja na dawa zingine pia. Aliyepandikizwa figo anayetumia takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo, kiwango cha dawa hiyo kinaweza kupanda kwenye damu mpaka kikaumiza figo yenyewe, kwa hiyo mara nyingi inasimamishwa au inapunguzwa kwa muda, dawa ya kolesteroli kama simvastatini inasimamishwa, na anayetumia rifampisini ya kifua kikuu hapewi kabisa Paxlovid. Sasa vidonge vimeisha, kipimo negativu, watu wanampongeza, na huyu bado anasubiri damu ipimwe aambiwe lini arudishe dozi yake ya zamani, maana ritonavir inaendelea kufanya kazi siku kadhaa baada ya kidonge cha mwisho. Akirudisha mapema sana kuna hatari, akichelewa mwili unaweza kuanza kuikataa figo. Huyo hajapona, yuko katikati kabisa ya shughuli.

Au deksamethasoni, dawa ya steroidi wanayopewa wagonjwa wa Covid kali. Ilionekana Juni 2020 kwenye utafiti mkubwa wa Uingereza kwamba inapunguza vifo, kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia ilipunguza kwa karibu theluthi moja, kwa wasiohitaji oksijeni haikusaidia. Imeokoa watu wengi na naiheshimu sana, ila inapandisha sukari. Mwenye kisukari anatoka wodini mapafu yanaendelea vizuri na sukari imevurugika, dozi ya insulini aliyoizoea haimtoshi tena au kinyume chake, deksamethasoni ikiisha sukari inaanza kushuka naye bado yuko kwenye dozi kubwa. Kumwangalia sukari wiki zile ni sehemu ya kupona Covid.

Kuna na kurudiwa. Mtu anapata nafuu, anapima negativu, halafu kati ya siku 2 na 8 baadaye dalili zinarudi au kipimo kinageuka pozitivu tena. Inajulikana sana kwa waliotumia Paxlovid lakini hata ambao hawakuitumia inawatokea. Kwa hiyo negativu ya kwanza kwa mtu wa namna hii sio tiketi ya kwenda kumkumbatia mwenzake wa wodi ya saratani.

Oksijeni sasa, hapa nakaa kidogo. Kile kifaa cha kubana kidoleni wengi walikinunua wakati ule na bado wanacho. Watu wazima wenye mapafu mazima wanasoma asilimia 95 hadi 100, na 92 kushuka ni dharura. Lakini mwenye ugonjwa sugu wa mapafu anaweza kuwa siku zake zote anaishi kwenye 88 hadi 92, kwa hiyo swali la kwake sio "imefika 95?", swali ni "kabla hujaugua ulikuwa unasoma ngapi?" Na kama hakuna aliyewahi kuandika namba ya kabla, mnabaki mnakisia. Kingine ambacho sisi wenye ngozi nyeusi tunatakiwa kukijua: utafiti uliotoka Marekani Desemba 2020 ulionyesha kifaa hiki kilikuwa kinashindwa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe, kinasoma juu kuliko hali halisi. Kwa hiyo mtu akikwambia hawezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi na kifaa kinasema 94, mwamini mtu. Kaa chini, pasha vidole moto, futa rangi ya kucha, subiri namba itulie kama dakika moja, uandike, na uilinganishe na ya jana yake.

Alafu uchovu. Sio uchovu wa kulala ukaisha. Mtu anaamka Jumamosi anajisikia mwepesi kwa mara ya kwanza, anafua, anapanga kabati, anaoga mwenyewe amesimama, jioni anacheka na watu. Jumapili yuko hivyohivyo. Jumatatu asubuhi mikono mizito, kichwa kinamuuma, mwanga unamkera, hata kukaa kitandani kuongea na simu kunamshinda. Wanaomzunguka wanasema Jumamosi si ulikuwa mzima. Ndivyo inavyokuja kwa baadhi ya watu, inachelewa saa 12 hata siku mbili tatu baada ya kujituma, kwa hiyo hata mwenyewe haunganishi sababu na matokeo. Dawa yake sio kujilazimisha mazoezi, ni kugawa kazi, kukaa wakati wa kuoga, kusimama kabla ya kuchoka, na kuongeza kidogo tu pale ambapo siku kadhaa zimepita bila kuanguka.

Na tafadhali tusikimbilie kusema kila anayechelewa kupona ana Covid ya muda mrefu. Jina hilo lililetwa na wagonjwa wenyewe Mei 2020, aliyelitumia kwanza mtandaoni ni Elisa Perego, mwanaakiolojia wa Italia, na Oktoba 2021 WHO wakaliwekea mipaka: kwa kawaida miezi mitatu tangu ugonjwa uanze, dalili ziwe zimekaa angalau miezi miwili, na zisiwe zinaelezeka na ugonjwa mwingine. Hilo sharti la mwisho ndo linawaumiza wenye magonjwa sugu. Akisema anakosa pumzi anaambiwa ni moyo wako tu ule wa zamani, akivimba miguu ni figo zako tu, kwa hiyo Covid haichunguzwi. Na kinyume chake kipo na ni hatari zaidi, kila kitu kinasukumiwa Covid, "ndo kupona kwenyewe huko, vumilia", kumbe damu imeganda kwenye mguu, maana hatari ya damu kuganda inabaki juu kwa wiki na hata miezi baada ya Covid. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana, kukosa pumzi ukiwa umekaa, mzee kuanza kuchanganyikiwa ghafla, hayo hayavumiliwi nyumbani, unakwenda hospitali siku hiyohiyo hata kama kipimo cha Covid ni negativu tangu juzi.

Najua wanaosema "umeshapona" wengi wao wanasema kwa upendo, wanataka kumtia moyo, na mgonjwa mwenyewe anataka sana iwe kweli. Ila anayeambiwa hivyo anaanza kuficha, anapanda ngazi huku ameshikilia kifua ili asionekane mvivu. Ukitaka kumjulia hali sema "kipimo kimetoka negativu, hongera, sasa ukilinganisha na kabla hujaugua umefika wapi?" Ajibu mwenyewe, na akisema bado, msaidie aandike yale ya kumpelekea daktari wake, sukari, presha, oksijeni, dawa gani ilisimamishwa na nani alisema irudishwe lini.