Porini Dodoma, kiangazi ndicho msimu wa kazi

Kuanzia Mei hadi Novemba, anayesafiri kutoka Dodoma kwenda Manyoni au Kondoa huona vumbi, miti mitupu na nyasi zilizokauka. Wengi husema pori limekufa, litafufuka mvua ikinyesha. Sisi tunaofanya kazi ya ikolojia katika kanda hii ya kati hatulioni hivyo, na jambo hili linamgusa mkulima moja kwa moja, kwa sababu miezi hiyohiyo ndiyo anayoshika panga na kiberiti kusafisha shamba.

Sehemu kubwa ya Dodoma hupata milimita 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni mirefu mno kwa kiumbe yeyote kuisubiri bila kufanya kitu. Ndiyo maana miti, wadudu, popo na mifugo wana shughuli nyingi za kutegemeana ambazo hufanyika wakati wa ukavu, sisi tukidhani kila kitu kimelala.

Tuanze na mbuyu. Ukiukwangua kidogo gome wakati hauna hata jani moja, utakuta tabaka la kijani. Tabaka hilo linaendelea kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Shina lake ni laini na limejaa maji, na wengi tunaamini mti unayanywa maji hayo kiangazi kizima. Utafiti uliofanywa kwenye mibuyu ya Madagaska ulionyesha jambo linalofurahisha zaidi: akiba hiyo husaidia hasa kuchipusha majani mapya kabla ya mvua, ili mvua ikishuka yawe tayari kwa kazi.

Mwishoni mwa kiangazi, joto likiwa kali, mbuyu huanza kutoa maua. Ua lake ni jeupe, kubwa, na huning'inia kwenye kikonyo kirefu. Hufunguka jua linapozama, na ukisimama chini yake jioni utaona petali zikijikunja kwenda nyuma huku ukizitazama. Harufu yake ni nzito, wala si ya kupendeza puani mwa mtu. Kesho yake limenyauka, na mbuzi wanaliokota chini. Weupe unaoonekana gizani, harufu nzito, kuning'inia mahali ambapo mabawa hayakwami kwenye matawi: vyote hivyo vinamfaa popo anayekula matunda. Hulishikilia ua, huzamisha uso akitafuta maji yake matamu, kisha huondoka na chavua manyoyani kwenda mti mwingine.

Safari hiyo ina umuhimu wake, kwa kuwa mbuyu huhitaji chavua ya mbuyu mwingine ili uzae vizuri, na mibuyu yetu imetawanyika, mmoja kwenye shamba hili, mwingine ng'ambo ya korongo. Nondo nao hutembelea maua haya, lakini popo huweza kuruka umbali mrefu kwa usiku mmoja. Kwa hiyo anayewafukuza popo kwa moshi na mawe, akidhani ni ndege wa wachawi, anaipunguza biashara ya ubuyu ya mama anayeuza sokoni Majengo. Naomba tulichukulie kwa uzito. Popo akikosa mahali pa kulala mchana, hakuna pembejeo itakayoziba nafasi yake.

Mgunga wenye umbo la mwavuli, ambao Wagogo huuita mkungugu, una mpango mwingine. Maganda yake ya mbegu huanguka kiangazi, nyasi zikiwa zimeisha, nayo yana protini nyingi. Okota moja lililokaa chini muda mrefu, ulipasue. Mara nyingi utakuta mbegu zina matundu ya duara, madogo na safi kana kwamba yametobolewa kwa sindano. Hiyo ni kazi ya wadudu wa jamii moja na wale wanaotoboa maharage ghalani. Wasipozuiwa huharibu sehemu kubwa ya mbegu. Mbuzi akiwahi kula ganda, lava, yaani wadudu wachanga walio ndani, wanaweza kufa tumboni mwake, na ganda gumu la mbegu hulainika. Usiku akicheua huitema mbegu zizini, au huitoa kwenye kinyesi. Wafugaji wakihama, mahame yao yanabaki na samadi na mbegu zilizo tayari kuota. Huko Turkana, Kenya, watafiti wameonyesha kwamba migunga huota kwa wingi palepale palipokuwa na mazizi ya zamani.

Hapo mtu wa Kondoa atauliza, na ana haki: si mbuzi na ng'ombe walewale waliotuachia makorongo? Kweli. Mmomonyoko wa Kondoa ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Nyasi na vichaka vilirudi, kwa sehemu kubwa vyenyewe, kwa kasi iliyowashangaza wengi. Uamuzi ule uliwaumiza wafugaji, na hilo lisemwe wazi. Lakini ulitufundisha kwamba mbegu na mizizi hai vilikuwepo ardhini muda wote. Mifugo ilikuwa mingi mno, na haikuipa ardhi nafasi ya kupumzika. Mbuzi wachache wanaohamahama hupanda migunga. Mbuzi wengi wasiotoka mahali pamoja hula kila chipukizi kabla halijafika magotini.

Upo pia mpogolo, unaokwenda kinyume na miti mingine: hupukutisha majani mvua inapoanza, na huwa wa kijani kiangazi. Mtama ulio chini yake haunyimwi jua, na mizizi ya mti huongeza naitrojeni kwenye udongo. Kuukata ili kupanua shamba ni hasara.

Mchwa wanachukiwa bure. Kiangazi huvuta nyasi na majani makavu chini ya ardhi, na vijia vyao husaidia mvua ya kwanza kuzama badala ya kukimbilia korongoni. Shamba likisafishwa mpaka likabaki udongo mtupu, mara nyingi mchwa hukosa chakula chao na kugeukia mahindi.

Kwa hiyo mwaka huu, kabla ya kusafisha shamba, pita kwanza ukitazama visiki. Kisiki kilichochipua kina mizizi iliyokwisha kushuka chini, ndiyo maana kinamudu ukame unaoua mche wa kitalu. Chagua machipukizi machache yaliyonyooka, ondoa mengine, kisha pogoa matawi ya chini ya yale uliyoyaacha. Njia hii inajulikana Dodoma kwa jina la Kisiki Hai, na haihitaji mche wala maji ya kumwagilia. Matawi uliyokata na mabua ya mtama yatandaze shambani, usiyachome. Mbuzi wazuiwe mpaka machipukizi yapite kimo ambacho mbuzi aliyesimama kwa miguu ya nyuma hawezi kukifikia.