Jina la Buibui Wako Ulijue Kabla Hajakung'ata: Tahadhari na Huduma ya Kwanza kwa Wafugaji wa Tarantula

Mtu aliyeng'atwa na tarantula anayemfuga huwa na swali moja anapofika mbele ya mhudumu wa afya: je, sumu hii itaniua? Jibu linatia moyo, kwa kuwa hakuna kifo cha binadamu kilichothibitishwa kwa uhakika kwamba kilitokana na sumu ya tarantula. Baada ya kumtuliza, mhudumu naye huuliza lake: ni tarantula wa aina gani? Hapo ndipo wengi hukwama. Husema ni mkubwa, mweusi na ana manyoya, maelezo yanayowafaa mamia ya buibui wenye sumu zinazotofautiana sana kwa ukali.

Zaidi ya aina 1,000 za tarantula zinajulikana, na kwa mahitaji ya mfugaji zinaweza kugawanywa katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la wale wenye asili ya mabara ya Amerika, kama Grammostola rosea wa Chile na Brachypelma hamorii wa Meksiko, ambao kwa kawaida ni wapole kiasi, na maumivu ya kung'atwa nao mara nyingi hulinganishwa na ya kuumwa na nyuki. Kundi la pili ni la wale wa Afrika, Asia na Australia. Hawa wana kasi, hukasirika upesi, na sumu yao kwa jumla ni kali zaidi. Miongoni mwao wamo Pterinochilus murinus, anayepatikana Afrika Mashariki na maeneo mengine ya bara hili, na jamii ya Poecilotheria wa India na Sri Lanka, wanaopendwa na wafugaji kwa rangi zao na kuogopwa na madaktari kwa maumivu wanayoyaacha. Tofauti hii ina sababu yake: wengi wa tarantula wa Amerika wana vinyweleo vya kuwasha mgongoni mwa tumbo na huvirusha wanapojihami, ilhali wale wa kundi la pili hawana silaha hiyo, hivyo hukimbilia kung'ata.

Hata jina tarantula lina historia ya kupotosha. Lilitokana na mji wa Taranto, kusini mwa Italia, ambako lilimhusu buibui mwingine kabisa, mwenye umbo dogo kuliko hawa, na watu wa zamani waliamini kwamba aliyeng'atwa naye sharti acheze ngoma bila kupumzika mpaka apone. Tiba hiyo tumekwisha kuiacha.

Meno ya tarantula hayabani kutoka pande mbili kama koleo. Yanaelekea chini, sambamba, mithili ya ncha mbili za sururu. Ili apige, hana budi kuinua kwanza sehemu ya mbele ya mwili. Ndiyo maana tarantula aliyetishwa husimama akiwa ameinua miguu ya mbele, meno yakiwa wazi, na baadhi yao hutoa sauti ya kukwaruza au kufoka. Huko ndiko kuonya kwake, na anayeliona onyo hilo kisha akaendelea kusogeza mkono hawezi kusema alishambuliwa ghafla. Katika aina kubwa kabisa, Theraphosa blondi wa Amerika Kusini, meno hayo yanaweza kufikia takriban sentimita 2, kwa hiyo sehemu ya maumivu ni ya matundu yenyewe. Si kila mara sumu huingizwa. Buibui huihifadhi kwa ajili ya mawindo, na pengine hung'ata ili kufukuza tu.

Aliyeng'atwa na aina nyepesi atahisi mchomo, wekundu, uvimbe mdogo na ukakamavu wa kiungo kilicho karibu, hali ambayo kwa kawaida hupungua ndani ya saa chache hadi siku moja au mbili. Jambo la kwanza la kufanya ni kuhakikisha buibui amefungiwa mahali salama, ama na mtu mwingine au kwa kumfunika na kopo, kwa sababu kumtibu mtu huku buibui akizurura sakafuni ni kutafuta jeraha la pili. Kisha osha jeraha kwa sabuni na maji mengi. Vua pete, saa na bangili mapema, kabla uvimbe haujazibana. Weka barafu iliyofungwa katika kitambaa kwa dakika 10 hivi, iondoe kwa muda kama huo, urudie, na ukiinue kiungo kilichong'atwa. Dawa ya kawaida ya maumivu kama parasetamoli hutosha kwa wengi. Ikiwa chanjo ya mwisho ya pepopunda ilichomwa zaidi ya miaka 10 iliyopita, au mtu hakumbuki kabisa, afike kituo cha afya, kwani meno ya buibui hayaoshwi na yametoka kutafuna mende.

Usikate jeraha kwa wembe, usinyonye sumu kwa mdomo, wala usifunge kamba juu ya jeraha. Matendo haya matatu yametoka katika hofu ya nyoka, hayaondoi sumu ya tarantula, na huongeza jeraha lingine juu ya lile la kwanza.

Kung'atwa na Poecilotheria kunahitaji maelezo ya peke yake. Maumivu ya mwanzo yanaweza kuwa ya wastani, mtu akajiona amenusurika, akalala. Kisha baada ya saa kadhaa misuli ikaanza kukaza, wakati mwingine mbali kabisa na mahali palipong'atwa, hata kifuani na miguuni. Mikazo hiyo huweza kurudi kwa siku nyingi, na kwa baadhi ya watu kwa wiki kadhaa. Hakuna dawa maalumu ya kuivunja sumu hii inayotumika kwa kawaida, lakini hospitali ina dawa za kulegeza misuli na za maumivu makali ambazo mtu hapaswi kujipa mwenyewe nyumbani. Kwa hiyo aliyeng'atwa na aina hizi asisubiri mikazo ndipo aondoke. Aende mapema, akiwa na jina la kisayansi la buibui limeandikwa, au picha yake ikiwa simuni.

Kwa aina yoyote ile, dalili zifuatazo ni za dharura na hazisubiri barafu: kupumua kwa shida au kwa mluzi, kuvimba uso, midomo au ulimi, vipele vya ghafla mwili mzima, kizunguzungu, kuzirai au kutapika mfululizo. Hizo ni ishara za mzio mkali, na mzio haujali kwamba sumu ya buibui mwenyewe ni hafifu. Wekundu unaozidi kusambaa baada ya siku moja au mbili, usaha au homa huashiria maambukizi ya bakteria, nayo huhitaji daktari.

Kwa maoni yangu, vinyweleo vya tarantula wa Amerika havipewi uzito vinavyostahili. Mfugaji anayejilinda na meno tu amejilinda nusu. Buibui huvikwangua tumboni kwa miguu ya nyuma, navyo hupaa hewani kama upupu uliotikiswa. Vina ncha na vijimiba, huzama katika ngozi na kuleta mwasho unaoweza kudumu kwa siku. Kwenye ngozi, usisugue. Bandika utepe wa gundi na uubandue, kila mara kipande kipya, kisha osha kwa maji baridi; dawa ya mzio ya vidonge au ya kupaka husaidia. Jichoni mambo ni mazito zaidi. Madaktari wa macho wa Leeds, Uingereza, waliwahi kueleza habari za mwanamume aliyekuwa akisugua doa sugu kwenye kioo cha tangi la tarantula wake wa Chile. Aligeuza kichwa, akamkuta buibui yu karibu, na papo hapo ukungu wa vinyweleo ukampiga usoni. Mwanzoni alitibiwa kana kwamba ana maambukizi ya kawaida ya jicho, bila nafuu, hadi alipochunguzwa kwa darubini ya macho na vinyweleo vikaonekana vimejichomeka, vidogo kiasi kwamba havikuweza kung'olewa. Aliyeingiwa na vinyweleo jichoni asuuze kwa maji safi mengi bila kufikicha, kisha aende kwa daktari wa macho na amwambie waziwazi kwamba anafuga tarantula, kwa maana daktari asiyeambiwa hilo ana kila sababu ya kudhani jambo jingine.

Kinga huanza kwa kuelewa kwamba tarantula karibu haoni. Anaishi kwa mitetemo inayofika miguuni mwake, na kidole kinachotambaa juu ya udongo wa tangi kwake ni mende tu. Sehemu kubwa ya ajali hutokea mkono unapokuwa ndani ya tangi, wakati wa kulisha, kubadilisha maji, kuokota mabaki au kumhamisha. Dawa yake ni kuuondoa mkono humo. Tumia koleo la sentimita 30 kwa chakula na usafi, na brashi laini yenye mpini mrefu kumgusa nyuma taratibu anapohitaji kusogea. Kumhamisha, mfunike kwa kopo la plastiki linaloonyesha ndani, kisha pitisha karatasi ngumu chini yake. Kabla ya kufungua kifuniko, hakikisha unamwona alipo. Ikiwa humwoni, subiri, hata kama maji yake yamekwisha. Vaa glavu, mikono mirefu na miwani ya kinga unaposafisha, kwani vinyweleo hubaki katika udongo, utando na gamba lililovuliwa hata buibui mwenyewe akiwa ameondolewa.

Kumbeba mkononi sikushauri. Hafaidiki kwa lolote. Hazoei mtu kama paka. Anayeng'atwa akiwa amembeba hukung'uta mkono bila kukusudia, na tarantula akianguka kutoka kimo cha kifua cha mtu tumbo lake laini linaweza kupasuka akafa. Vivyo hivyo, ukimkuta amelala chali miguu juu, usimwone amekufa ukamtikisa, kwani mara nyingi hapo anajivua gamba. Meno yake mapya huwa meupe na laini, naye asipewe chakula mpaka yawe meusi.

Watoto wasifungue tangi bila mtu mzima, na kifuniko kiwe na kufuli. Mbwa na paka wasiingie katika chumba hicho kabisa. Huko Australia mbwa waliong'atwa na tarantula wa nchi hiyo wamekufa ndani ya muda mfupi, ingawa binadamu waliong'atwa na buibui hao hao walipata dalili nyepesi.

Kwenye kila tangi bandika karatasi yenye jina la kisayansi la buibui, tarehe aliyojivua gamba mara ya mwisho na namba ya simu ya huduma ya dharura. Iandike kwa herufi kubwa, ili aliye nyumbani siku ya ajali, ambaye huenda hajawahi kupendezwa na buibui maishani mwake, aweze kumsomea daktari herufi kwa herufi.