Balladi zinazotembea

Ukitaja balladi za Kizungu, zile nyimbo za mapenzi na huzuni, wengi hukumbuka zile za Whitney Houston na Céline Dion: sauti inaanza karibu peke yake, inapanda taratibu, kisha ngoma zinalipuka kuelekea mwisho. Nazipenda, lakini leo siziandikii. Mimi ni mpiga besi, na kwenye nyimbo za namna hiyo muda mwingi hunipita nikisubiri zamu yangu. Ninazozitaka hapa ni zile za mwendo wa kati, tuseme mapigo 90 hadi 130 kwa dakika. Maneno ni ya huzuni, ila mguu haukubali kutulia.

Siku zote nasikiliza kitu kimoja ndani yake: miendo miwili kwa wakati mmoja. Besi na ngoma zinatembea, sauti inajivuta juu yake. Ndiyo maana watu wawili wakihesabu Time After Time ya Cyndi Lauper, mmoja atakuambia mapigo 130, mwingine 65, na hakuna aliyekosea. Sisi tuliolelewa na muziki wa dansi tumezoea kungoja chemko: hadithi iimbwe polepole, kisha magitaa yachanganye na watu waingie ukumbini. Hapa chemko haliji. Mwendo ulioanza nao ndio utakaomaliza nao, na kazi yote ya mpangaji wa muziki ni kuhakikisha huchoki njiani.

Anza na Dreams ya Fleetwood Mac. Mwimbaji wao Stevie Nicks aliuandika mwaka 1976 huko Sausalito, California, bendi ikirekodi albamu ya Rumours, yeye na mpiga gitaa Lindsey Buckingham wakiwa wanaachana. Kwa hiyo anayeambiwa maneno yale ndiye anayepiga gitaa! Karibu wimbo wote umesimama juu ya kodi mbili, yaani mafungu mawili ya noti zinazopigwa pamoja, F na G. John McVie anazizungukia kwenye besi bila mbwembwe yoyote, Mick Fleetwood kwenye ngoma anashika mapigo 120 hivi, na Buckingham anaingiza gitaa lake kwa kulififisha na kulikuza, kama mtu anayevuta pumzi chumba cha pili. Mpiga besi kijana akipewa kodi mbili hutaka kuzijaza madoido. Asikilize hii kwanza. Mwaka 1977 ilifika namba moja Marekani, namba moja pekee ambayo bendi hiyo imewahi kuipata huko, na mwaka 2020 ikarudi kwenye chati kwa sababu ya video moja ya TikTok.

Every Breath You Take ya The Police, 1983, naipendekeza kwa tahadhari. Gitaa la Andy Summers unalijua hata kama hujawahi kuusikia wimbo wenyewe, maana rapa Puff Daddy alilichukua kwenye wimbo wake mwaka 1997. Lakini ukiombwa kuupiga harusini, soma maneno. Yule ni mtu anayemchunga mwanamke aliyekwisha kumwacha. Maharusi huwa hawataki kuambiwa hivyo, na mimi hupiga tu.

Nikibakiziwa wimbo mmoja, nitachukua Fast Car ya Tracy Chapman, 1988, mapigo kama 104. Msimuliaji ameacha shule ili amtunze baba mlevi, anapanda gari na mpenzi wake watafute maisha mjini. Mwishoni yeye ndiye anayelisha nyumba, na mpenzi yule sasa anashinda baa kuliko anavyokaa na watoto. Sasa sikiliza gitaa: miaka inapita, makazi yanabadilika, lile zunguko la noti chache liko palepale, ubeti baada ya ubeti. Ngoma zinafunguka kwenye kiitikio tu, pale anapokumbuka mwendo wa gari na mkono wa mwenzake begani. Kwa hiyo furaha yote ya wimbo imewekwa kwenye kumbukumbu. Maisha yenyewe yamepewa gitaa kavu. Uamuzi wa namna hiyo ni mgumu kuufundisha.

Wimbo huu uliwaingia watu Juni 1988, kwenye tamasha la Wembley, London, la kuadhimisha miaka 70 ya Nelson Mandela. Stevie Wonder alishindwa kupanda kwa kuwa sehemu ya vifaa vyake haikuwepo, Chapman akarudishwa jukwaani na gitaa lake tu. Mwaka 2023 Luke Combs aliurudia kwa mtindo wa kantri bila kugusa mwendo sana, ukafika namba mbili Marekani. Aliyeuandika hakuwa amefika huko. Wake uliishia namba sita.

With or Without You ya U2 itazame kwa ajili ya subira. Kodi nne zilezile tangu mwanzo, na mpiga besi Adam Clayton anagonga mara nane kila ukihesabu hadi nne. Inatosha.

Human Nature ya Michael Jackson, kutoka Thriller ya 1982, ni ya taratibu zaidi, mapigo 93 hivi. Ilitoka kwa Steve Porcaro wa bendi ya Toto, na John Bettis akaandika maneno. Ukishaizoea pamoja na ile ya Lauper, tafuta albamu ya You're Under Arrest ya Miles Davis, 1985. Amezipiga zote mbili kwa tarumbeta, hakuna anayeimba, na bado utajua kiitikio kinaingia wapi.