Uspiriti haukutoka Afrika

Kuna ujumbe wa siku nyingi kwenye magrupu unaodai kwamba Uspiriti, dini ya kuwasiliana na roho za waliokufa yenye wafuasi wengi Brazil, ni uchawi uliopelekwa huko na watumwa kutoka Afrika. Si kweli. Ulianzia Paris, na kitabu chake cha kwanza, Le Livre des Esprits, kilichotungwa na mwalimu Mfaransa, Allan Kardec, kilichapishwa mwaka 1857.

Tena maandishi yake ya mwanzo yanashangaza. Jarida lake la mwaka 1862 liliwaweka watu weusi daraja la chini, likiegemea ile elimu ya kupima mafuvu ambayo wanasayansi walishaitupa. Lakini mafundisho hayohayo yanalaani utumwa, na yanasema roho yaweza kuzaliwa tena katika mwili wa rangi yoyote. Yote mawili yamo, wala sioni sababu ya kuficha moja.

Watu huchanganya kwa sababu Brazil kuna pia dini za Candomblé na Umbanda, zenye mizizi ya Kiafrika, na baadhi ya waumini wa Umbanda hujiita Waspiriti.

Matoleo ya zamani ya Kifaransa ya kitabu hicho cha 1857 yanapatikana bure intaneti. Tazama mji na mwaka kwenye ukurasa wa jina la kitabu. Ujumbe ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze, na aliyekutumia umwonyeshe ukurasa huo.