Teleka wa mivumo ni ndege gani?

Teleka wa mivumo ni ndege mdogo wa jamii ya teleka ambaye hulala, hujenga na kulea makinda kwenye miti ya jamii ya mnazi: mivumo, mikoma, mitende na minazi yenyewe. Jina lake la kisayansi ni Cypsiurus parvus. Wengi humwita mbayuwayu tu wakaendelea na shughuli zao, na si ajabu, maana wote wawili hushinda angani wakiwinda wadudu. Kwa nasaba, hata hivyo, wako mbalimbali. Ukitaka kuwatofautisha bila kitabu wala darubini, tazama nyaya za umeme. Aliyetua pale akijinyoosha manyoya ni mbayuwayu. Teleka hana miguu ya kutulia juu ya waya wala tawi.

Umbo lake ni jembamba kupita kiasi. Ana urefu wa sentimita 16 hivi, na sehemu kubwa ya urefu huo ni mkia. Uzito wake ni gramu 14 au karibu na hapo. Rangi ni ya kahawia iliyochanganyika na kijivu mwili mzima, isipokuwa koo ambalo limepauka kidogo. Hana doa jeupe kiunoni, na hilo ndilo humtenga mara moja na teleka mdogo anayejaa chini ya mapaa na madaraja ya mijini, ambaye kiuno chake ni cheupe na mkia wake mfupi. Mabawa ni marefu na yamepinda kama mundu. Mkia una panda ndefu, ila mara nyingi huufumba, hivyo ukimtazama toka chini unaona ncha moja tu nyembamba. Anapokata kona ndipo panda hufunguka. Dume na jike hawatofautiani kwa macho. Makinda hujulikana kwa mkia mfupi. Ndege wa maeneo yenye mvua nyingi ya Afrika Magharibi na Kongo huwa weusi zaidi, na wale wa kaskazini kwenye ukame hupauka.

Kinachomfanya awe wa pekee ni tago lake, yaani kiota, kama hata linastahili kuitwa tago. Huchagua jani lililokauka na kuning'inia, akabandika upande wake wa ndani kijikeka cha manyoya na nyuzi za mimea. Manyoya yenyewe huyadaka yakipeperushwa na upepo, na gundi yake ni mate. Kijikeka hicho kimesimama wima pamoja na jani, kina ukingo mdogo tu chini, kwa hiyo yai likiwekwa hivihivi litaanguka. Basi mayai nayo, ambayo kwa kawaida ni mawili, hugandishwa kwa mate hayohayo. Mzazi haatamii kwa kukaa. Hung'ang'ania jani akiwa wima, tumbo limeegemea mayai, huku upepo ukilipeleka jani huku na huku. Baba na mama hupokezana. Kinda akianguliwa hushika kwa kucha zake kali na haachii mpaka manyoya yamekomaa na anaweza kuruka. Hapo ndipo unaelewa kwa nini miguu ile haifai kwa waya: ni mifupi sana, na vidole vyake vimeumbwa kubana kitu kilichosimama.

Kwa sababu hiyo, ukitaka kujua anakoishi, uliza kwanza kuna miti gani. Anapatikana sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, kutoka Senegali hadi Ethiopia na kuteremka mpaka Afrika Kusini, na pia kusini-magharibi mwa Rasi ya Arabuni, Yemeni ikiwamo. Hahami kwa majira kama teleka wa Ulaya wanaokuja kwetu baridi inapowakimbiza. Katikati ya msitu mnene humwoni sana, wala kwenye jangwa tupu, lakini weka mitende kandokando ya chemchemi na huenda akawapo. Mandhari anayoipenda ni nyika yenye mikoma na mivumo, kingo za mito, mashamba ya minazi ya pwani yetu, na bustani za miji. Huwinda akizunguka chini chini juu ya vilele vya miti hiyo, mara nyingi kwa kundi dogo lenye kelele kali nyembamba, akila nzi, kumbikumbi na vidudu vingine virukavyo.

Mijini amefaidika na mapambo ya binadamu. Mtende wa Washingtonia, uliotoka Amerika, hupandwa kando ya barabara na mbele ya hoteli, na huhifadhi majani makavu yakiwa yameshuka kuzunguka shina. Kwake hiyo ni nyumba tayari, na kusini mwa Afrika ameingia maeneo ambayo zamani hayakuwa na mti wa kumfaa. Tatizo ni kwamba watunza bustani hupenda mti msafi, na panga linalopunguza majani makavu huondoka na mayai.

Vitabu vya zamani vitakwambia yupo pia Madagaska na Komoro. Wa huko siku hizi huhesabiwa kuwa spishi ya peke yake, Cypsiurus gracilis, na wa Asia ni mwingine tena, Cypsiurus balasiensis. Wote watatu hubandika tago kwenye majani kwa mate.